Kura ya siri, hesabu ya wazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uchaguzi wa kielektroniki

Kila uchaguzi unapokaribia, simu yangu hujaa maswali ya aina moja. Jamaa wanajua kazi yangu ni kutunza mifumo ya kompyuta, na kwamba nimewahi kukaa kituoni kama wakala wa mgombea hadi karatasi ya mwisho ihesabiwe. Nimekusanya hapa yale yanayorudi tena na tena. Msimamo wangu nautangaza mapema: naamini karatasi isiondoke sandukuni, na mashine ipewe zile kazi tu ambazo wananchi wanaweza kuikagua wenyewe.

Natuma pesa kwa simu kila siku bila wasiwasi. Kwa nini kura isiwe hivyo hivyo?

Kwa sababu M-Pesa inakujua. Ukimlipa mama mboga shilingi mia tano, wewe unapata ujumbe, yeye anapata ujumbe, na kampuni inabaki na majina yenu wote wawili, kiasi, saa na namba ya muamala. Pesa ikienda kwa mtu mwingine unapiga huduma kwa wateja, kumbukumbu inafunguliwa, kosa linarekebishwa. Usalama wa mfumo ule umesimama juu ya jambo moja: kila shilingi ina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana.

Kura inataka kinyume chake. Ukishaitumbukiza sandukuni, hatakiwi kuwepo mtu yeyote, awe msimamizi, fundi wa seva, wakala au rais, anayeweza kusema "hii ni ya fulani". Papo hapo unataka uhakika kwamba imehesabiwa, na imekwenda kwa uliyemchagua. Sasa siku ukidai kura yako imegeuzwa, utathibitishaje, na hakuna anayejua ilikuwa ipi?

Katiba ya Kenya ya 2010 inadai vyote viwili bila kupepesa macho. Kifungu cha 81 kinataka uchaguzi ufanywe kwa kura ya siri. Kifungu cha 86 kinataka njia yoyote itakayotumika kupiga kura iwe rahisi, sahihi, salama, ya kuthibitika, ya kuwajibika na ya uwazi. Benki haijawahi kutakiwa kufanya hivyo vyote kwa pamoja.

Basi si nipewe risiti inayoonyesha niliyemchagua? Mambo yaishe.

Ukiwa na risiti hiyo, kuna mtu nje ya kituo atakayetaka kuiona. Anayenunua kura leo ana tatizo moja kubwa: akishakupa hela yake, hana njia ya kujua ulifanya nini ndani ya kituturi. Unaweza kula chake na kumpigia unayemtaka. Risiti inamwondolea tatizo hilo. Haiishii kwa mnunuzi wa kura, maana mwajiri ataiomba, chifu ataiomba, mume ataiomba mezani wakati wa chakula cha jioni. Na atakayekataa kuionyesha atakuwa amekwisha jibu.

Ndiyo maana watafiti wa fani hii wanashikilia kwamba siri ya kura haitoshi kuwa haki unayoweza kuiacha ukipenda. Mfumo wenyewe usikuwezeshe kuthibitisha ulivyopiga, hata ukitaka kwa moyo wako wote. Siri yako ndiyo kinga ya jirani yako: wengi wakionyesha, wachache waliokaa kimya wanajulikana.

Kuna risiti ya aina nyingine, na hii inavutia. Mwaka 2009 mji mdogo wa Takoma Park, jimbo la Maryland huko Marekani, ulichagua viongozi wake kwa karatasi za mfumo unaoitwa Scantegrity. Ukiweka alama kwa kalamu maalumu, ndani ya duara hujitokeza herufi na tarakimu chache. Unaziandika kwenye kipande cha karatasi na kwenda nazo nyumbani. Baadaye unafungua tovuti, unatafuta namba ya karatasi yako, unahakikisha herufi zako zipo vile vile. Herufi hizo hubadilika kutoka karatasi moja hadi nyingine, kwa hiyo mtu akikunyang'anya hawezi kujua zilikuwa za mgombea yupi. Risiti inakuthibitishia wewe kwamba kura imefika, na haimwambii mwingine lolote.

Na tukiondoa siri kabisa? Kila mtu asimame nyuma ya mtu wake, tuhesabu vichwa.

Wakenya wa rika la wazazi wangu wakisikia swali hili hushusha pumzi. Mwaka 1988, katika uteuzi wa wagombea wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa wakati huo, wapiga kura walipangwa foleni nyuma ya wagombea au picha zao. Uliitwa mlolongo. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya mlolongo alipita bila kupingwa tena, kwa hiyo kura ya siri iliyofuata haikumhusu.

Ukiutazama kwa jicho la fundi, mlolongo ni mfumo unaoweza kukaguliwa kuliko mwingine wowote. Hauna mashine wala karatasi, na hata mtoto anaona mstari upi ni mrefu. Lakini sehemu kadhaa mstari mfupi ndio uliotangazwa mshindi. Watu wakatawanyika kwenda makwao, na ushahidi wote ukatawanyika pamoja nao, kwa sababu ushahidi ulikuwa miili yao wenyewe ikiwa imesimama juani. Wakabaki wamepoteza siri, maana kila mtu alijulikana alisimama wapi, na hesabu pia wameikosa.

Uganda nayo ilichagua viongozi wa vijiji, wale wa LC1, kwa kupanga mstari mwezi Julai 2018. Kijijini ambako mwenyekiti ndiye anayekuandikia barua ya utambulisho, kusimama mstari wa mpinzani wake kunataka roho ngumu.

Funzo ninalolichukua mimi hapo ni kwamba uwazi wa saa moja hautoshi. Ushahidi lazima udumu baada ya watu kuondoka, na udumu bila majina yao.

Kenya inapiga kura kwa mashine?

Hapana, ingawa wengi wanaamini hivyo. Ile tabuleti ya kituoni, KIEMS, inafanya kazi mbili: kukutambua kwa alama ya kidole kabla hujapewa karatasi, na jioni kupiga picha ya fomu ya matokeo na kuituma. Kura yenyewe ni karatasi na kalamu, na hesabu ni ya mikono.

Ngoja nikueleze hesabu yenyewe, maana wengi hawajaiona. Ni darasa la shule ya msingi, madawati yamesogezwa ukutani. Msimamizi anavunja lakiri ya sanduku na kumwaga karatasi juu ya meza. Anainua moja, anaifungua, anaigeuza upande wetu mawakala, anataja jina kwa sauti. Karani anaiweka kwenye fungu lake. Mara nyingine alama imegusa visanduku viwili, basi mabishano yanaanza, tunasogeza taa, tunaitazama karatasi hiyo moja kwa dakika tano. Saa saba za usiku macho yanauma. Lakini kila aliyekuwa mle ndani anajua namba zilizoandikwa kwenye Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, zimetoka wapi. Nakala wanapewa mawakala, na nyingine inabandikwa mlangoni. Na hakuna kati yetu aliyejua karatasi ipi ilikuwa ya nani.

Kama ni hivyo, ugomvi wa seva ulitoka wapi?

Ulitoka safarini, baada ya fomu kuondoka mlangoni. Mwaka 2017 matokeo ya urais yalitangazwa wakati picha za fomu nyingi za vituo zilikuwa bado hazijaonekana. Mahakama ya Juu iliagiza tume ya uchaguzi, IEBC, ifungue seva zake zikaguliwe. Tume haikutekeleza agizo hilo ipasavyo, na mahakama ikauhesabu ukimya ule kuwa ushahidi dhidi yake. Tarehe 1 Septemba 2017, majaji wanne dhidi ya wawili walifuta uchaguzi wa urais. Nayapenda maneno ya Jaji Mkuu David Maraga siku ile, kwamba uchaguzi si tukio bali ni mchakato. Hata mtu anayefanya hesabu za duka anaelewa: jumla nzuri isiyo na stakabadhi nyuma yake haimridhishi mkaguzi.

Mwaka 2022 tume ilibadilisha mwenendo. Vituo vilikuwa 46,229, na picha za Fomu 34A zilikuwa zikipandishwa kwenye tovuti iliyo wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Vyombo vya habari vilijumlisha, vyama vilijumlisha, vijana walijumlisha kwenye kompyuta zao. Kesi ilikwenda mahakamani hata hivyo, na makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo. Lakini safari hii kulikuwa na kitu cha kushika mkononi. Fomu za asili zililinganishwa na picha za tovuti, na haikuonekana tofauti ya kuweza kubadilisha matokeo. Tarehe 5 Septemba mahakama ikayathibitisha.

Kwangu mimi tovuti ile ndiyo hatua kubwa zaidi ya teknolojia katika uchaguzi wa ukanda wetu, na haikuhitaji mashine ya kupigia kura hata moja.

Alama ya kidole kwenye KIEMS haiwezi kuonyesha nilimpigia nani?

Tabuleti inajua umefika na saa uliyofika. Haijui ulichokifanya kituturini, kwa sababu karatasi yako haina jina na sanduku linachanganya. Hofu hii hutumiwa makusudi na wanaotaka kukutisha, kwa hiyo nalijibu swali kwa uzito: kifaa kinachokutambua na kitu kinachobeba chaguo lako ni vitu viwili vilivyotenganishwa, na vibaki hivyo. Siku utakaposikia pendekezo la kuviunganisha kwenye kifaa kimoja ili kuokoa gharama, uliza maswali mengi sana.

Congo walitumia mashine. Ilikuwaje?

Katika uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilitumia mashine za kampuni ya Miru ya Korea Kusini. Mpiga kura alichagua sura ya mgombea kwenye kioo, mashine ikachapa chaguo lake juu ya karatasi, naye akaitazama na kuitia sandukuni. Wapinzani waliipa jina la kejeli kwa Kifaransa, *machine à voler*, mashine ya kuiba.

Mpangilio huo wenyewe si mbaya. Karatasi unaisoma kwa macho yako, na inaweza kuhesabiwa tena kwa mikono. Shida ilikuwa kwingine. Tume ya uchaguzi, CENI, haikuchapisha matokeo ya kituo kimoja kimoja. Baraza la maaskofu Wakatoliki, lililokuwa na waangalizi wapatao 40,000, lilisema takwimu zake hazilingani na matokeo yaliyotangazwa. Nchi nzima ikabaki na namba mbili zinazogombana na hakuna orodha ya vituo ya kuamulia. Na huko Beni na Butembo, ambako watu wanazungumza Kiswahili hiki hiki ninachokiandika, siku ile hawakupiga kura kabisa, kwa sababu zilizotajwa za Ebola na usalama. Kwingineko karatasi ilikuwepo, ila wananchi hawakupewa orodha ya vituo ya kuilinganisha nayo.

Je, mashine isiyotoa karatasi kabisa?

Siipendi, na mahakama kadhaa hazikuipenda. Namibia ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kutumia mashine za kupigia kura katika uchaguzi wa kitaifa, mwaka 2014, bila karatasi ya ushahidi. Februari 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kutumia mashine bila karatasi kulikwenda kinyume cha katiba, ingawa iliyaacha matokeo ya 2019 yasimame. Mwaka 2024 Namibia ilipiga kura kwa karatasi.

Hoja niipendayo zaidi ilitolewa Ujerumani. Tarehe 3 Machi 2009 Mahakama ya Katiba ilizikataa mashine zilizotumiwa na wapiga kura wapatao milioni 2 mwaka 2005. Ilisema raia wa kawaida, asiye na utaalamu wowote, lazima aweze kufuatilia hatua muhimu za uchaguzi na za hesabu. Kuambiwa na wataalamu kwamba mambo ni salama hakutoshi. Mimi ni mtaalamu wa namna hiyo, na nakubaliana na majaji.

Siri inaweza kuvuja bila mtu kukusudia?

Ndiyo, na huvuja mahali usipopatarajia.

Uholanzi, mwaka 2006, kikundi cha raia kilionyesha kwamba kioo cha mashine ya kura hutoa mawimbi hafifu ya redio yanayoweza kunaswa kutoka mbali. Chama kimoja kilichokuwa kikubwa wakati ule kinaitwa Christen Democratisch Appèl. Ile alama ndogo juu ya herufi e ilifanya kioo kibadili mwendo wake, na mawimbi yakabadilika. Mtu mwenye kinasa mawimbi nje ya chumba angeweza kujua nani amekichagua chama hicho. Alama ya ukubwa wa punje ya ufuta! Mashine zikaondolewa, na Waholanzi wakarudi kwenye penseli nyekundu.

Brazili inatumia mashine tangu 1996. Kila mashine huchanganya mpangilio wa kura zilizohifadhiwa ili zisifuate foleni ya wapiga kura. Mwaka 2012, katika majaribio ya wazi yaliyoitishwa na mahakama ya uchaguzi yenyewe, timu ya Diego Aranha wa Chuo Kikuu cha Brasília iligundua kwamba uchanganyaji ule ulianzia kwenye saa ya mashine. Asubuhi mashine huchapa hati ya kuonyesha kwamba sanduku lina sifuri, na juu ya hati hiyo huandikwa saa. Aliyeishika hati angeweza kuurudisha uchanganyaji nyuma na kupata kura kwa mpangilio zilivyoingia. Yaani hati iliyotolewa kwa ajili ya uwazi ndiyo iliyobeba ufunguo wa siri za watu. Mfano huu huwa naurudia kwa kila kijana anayeandika programu.

Hata karatasi peke yake, bila mashine, inaweza kuvujisha. Kituo chenye watu wachache kikitoa matokeo, na wote wamempigia mtu mmoja, basi kura ya kila mmoja wao imejulikana. Matokeo ya kituo kimoja kimoja ni kinga dhidi ya wizi, na ni hatari kwa kituo chenye watu kumi. Vituo vya nje ya nchi, kama vile vya Wakenya wa Qatar na Falme za Kiarabu mwaka 2022, vinastahili kufikiriwa kwa jicho hilo. Dawa ni kuunganisha masanduku ya vituo vidogo sana kabla ya kuhesabu, mbele ya mawakala.

Wanahisabati wanasema kura inaweza kuhesabiwa bila kufunguliwa. Ni kweli?

Ni kweli, na unaweza kujaribu kwenye kipande cha karatasi. Chukua wapiga kura watatu. Ndiyo ni 1, hapana ni 0. Wa kwanza anasema ndiyo, wa pili hapana, wa tatu ndiyo. Kila mmoja anaongeza namba yake ya siri: 37, 52 na 11. Wanachotangaza ni 38, 52 na 12. Ukiziangalia hujui nani alisema nini. Jumla ya zilizotangazwa ni 102. Sasa tuseme walinzi wa ufunguo, yaani watu waliokabidhiwa siri ya kufungulia jumla, wanajua tu kwamba jumla ya namba za siri ni 100. Ukitoa, unabaki na 2: ndiyo mbili. Hakuna kura iliyofunguliwa.

Mifumo halisi hutumia hesabu ngumu zaidi, lakini wazo ni hilo. Swali linalofuata kwa mjanja ni: je, nikiandika 5 badala ya 1? Kwa hiyo kila kura hufuatana na uthibitisho wa kihisabati kwamba ndani yake mna 0 au 1, bila kusema ni ipi. Yeyote mwenye kompyuta anaweza kuukagua.

Njia nyingine, aliyoiasisi mtafiti David Chaum mwaka 1981, ni ya kuchanganya: kura zilizofungwa, yaani zilizofichwa kwa hisabati, hupita mikononi mwa seva kadhaa, kila moja inazipanga upya na kuzibadilisha sura, mpaka hakuna anayeweza kuifuata moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Na mashine ikifunga kitu kingine tofauti na nilichogusa?

Mtafiti Josh Benaloh ana jibu zuri. Mashine ikishafunga kura yako na kuchapa alama yake, unaulizwa: uitume, au uijaribu? Ukiijaribu, inalazimika kuonyesha kilichomo ndani. Kura hiyo inatupwa na unapiga nyingine. Mashine haijui mapema nani ataijaribu, kama mwenye duka asivyojua siku ambayo mkaguzi wa mizani atapita. Ikidanganya kwenye kura 100, na mtu mmoja tu kati ya kumi ndiye anayeijaribu, nafasi ya kuponyoka haizidi tatu katika laki moja.

Lakini hisabati nayo huandikwa na binadamu. Mwaka 2019 Uswisi ilifungua programu ya kura ya mtandaoni ya shirika lake la posta ichunguzwe na dunia. Sarah Jamie Lewis, Olivier Pereira na Vanessa Teague walikuta kwamba uthibitisho wa kuonyesha kuwa seva zimechanganya kura bila kuzibadilisha ungeweza kughushiwa: aliyeendesha mfumo angeweza kubadilisha kura na bado uthibitisho ukasema kila kitu ni sawa. Mfumo ukasimamishwa. Toleo lililorekebishwa lilirudi mwaka 2023 katika majimbo matatu tu. Nawapa Waswisi heshima kwa kuufungua mlango. Mfumo uliofichwa ungekuwa na kasoro hiyo hiyo, na hakuna ambaye angeijua.

Nani ashike ufunguo wa kufungulia jumla?

Watu kadhaa wasiopatana, na pasiwe na mmoja anayeweza kufungua peke yake. Papo hapo pasiwe na mmoja anayeweza kuzuia wote. Novemba 2025 chama cha kimataifa cha watafiti wa usimbaji (fani ya kuficha ujumbe kwa hisabati), IACR, kilipiga kura kuwachagua viongozi wake kwa mfumo wa kura ya mtandaoni uitwao Helios. Walinzi wa ufunguo walikuwa watatu na ilibidi wote wawepo. Mmoja alipoteza kipande chake cha ufunguo. Kura zikabaki zimefungwa milele, na uchaguzi ukarudiwa kwa kanuni mpya ya wawili kati ya watatu. Hao ni mabingwa wa fani hii duniani. Ukiletewa mpango wa kura ya kielektroniki, uliza hilo kwanza: vipande vingapi, kwa nani, na vingapi vinatosha.

Estonia wanapiga kura wakiwa nyumbani. Sisi tulio ughaibuni je?

Estonia imepiga kura kwa intaneti tangu 2005, na katika uchaguzi wa bunge wa 2023 zaidi ya nusu ya kura zilipita huko. Kila raia ana kitambulisho chenye chipu. Kura yako inafungwa kama barua ndani ya bahasha mbili: ya nje ina saini yako ya kidijitali, ya ndani ina chaguo lako tu, na ya nje huondolewa kabla ya ya ndani kufunguliwa. Kwa muda mfupi baada ya kupiga unaweza kutumia simu kuhakiki kilichofika. Anayekusimamia akikulazimisha, unasubiri aondoke, unapiga tena, na ya mwisho ndiyo inayohesabiwa. Karatasi ya kituoni inashinda ile ya mtandaoni.

Ni kazi ya kusifika. Lakini kujirudia kupiga kunasaidia tu kama anayekulazimisha ataondoka. Mfanyakazi wa ndani ambaye pasipoti na simu yake vimeshikwa na mwajiri hana hiyo nafasi ya pili. Ubalozini, ndani ya kituturi, angalau kwa dakika mbili yuko peke yake. Ndiyo maana nasema tuongeze vituo vya kupigia kura ughaibuni kabla ya kufikiria programu ya simu.

Blokucheni je?

Ni daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Inahifadhi vizuri kilichoingizwa. Haijui kama kilichoingizwa ndicho ulichokusudia, na haizuii mtu kusimama nyuma yako.

Kuhesabu upya nchi nzima ni gharama. Hakuna njia nyepesi?

Ipo. Mnunuzi wa nafaka hamwagi gunia lote sakafuni. Anachoma bambo, anatoa kiganja cha punje, anaangalia. Ukaguzi wa sampuli, alioubuni mtakwimu Philip Stark, unafanya hivyo kwa karatasi za kura: unachagua kadhaa kwa bahati nasibu ya hadharani na kuzilinganisha na matokeo yaliyotangazwa. Pengo la ushindi likiwa kubwa, karatasi chache zinatosha. Likiwa jembamba, unaendelea kuchota, na ikibidi unamwaga gunia zima. Jimbo la Colorado lilianza kuufanya kote mwaka 2017. Siri haiguswi, kwa kuwa karatasi haina jina. Ila sharti la kwanza ni kuwa na karatasi, na sharti la pili ni kujua zimelala wapi na nani ana funguo za chumba.

Chama chetu cha akiba kinataka kupiga kura kwa simu. Mnashauri nini?

Hili limenipata. Kikundi chetu kilichagua mwenyekiti kwa fomu ya mtandaoni, ile ya bure. Ilidai baruapepe ili mtu asipige mara mbili. Kesho yake katibu akanipigia: "Ndugu yangu, mbona umetuangusha?" Mbele yake alikuwa na jedwali: jina, saa na chaguo, katika mstari mmoja. Sikulala vizuri usiku ule. Miezi sita baadaye mkopo wangu ulipochelewa, sikujua kama ni foleni au ni kura.

Mkiwa watu hamsini na mnakutana, tumieni karatasi na ndoo yenye kifuniko, mhesabu mbele ya wote. Mkiwa mmetawanyika, Helios na Belenios ni za bure na zinatumia hisabati niliyoieleza hapo juu. Zinafaa mahali ambapo hakuna anayewatisha wanachama. Msitumie fomu ya kawaida wala kura ya kikundi cha WhatsApp, ambayo huonyesha jina la kila mpigaji.

Siku ya kura, mimi mwananchi wa kawaida niangalie nini?

Usipige picha karatasi yako. Rudi jioni upige picha fomu iliyobandikwa mlangoni. Jumlisha kura halali za wagombea wote uone kama zinafika jumla iliyoandikwa chini, kisha ongeza zilizokataliwa, ulinganishe na idadi ya waliotambuliwa kituoni. Angalia saini za mawakala. Kama kuna asiyetia, soma sababu. Halafu fungua tovuti ya tume, tafuta kituo chako kwa jina la shule, na uziweke picha mbili pamoja: yako ya mlangoni na yao ya tovutini.